Mdogo Wangu Alivyochagua Upande wa Fundi Cherehani

Sitaandika jina la mtu hapa. Nitaandika kazi yake, na wa kwetu akisoma atajua ni nani. Aliyewaleta wanajeshi kijijini kwetu, Kivu ya Kusini, mwaka 1996, ni chifu, yule wa baiskeli nyeusi. Aliyewafungulia shule wakalala humo ni mwalimu mkuu. Aliyewaonyesha nyumba hii ya nani na ile ya nani ni fundi cherehani. Nimeyaweka haya juu kabisa kwa sababu watu wa kanisa letu hapa kambini Rubondo wamechoka kuyasikia. Nikianza, mmoja anakumbuka ameacha sufuria motoni, mwingine anatafuta kofia yake.

Fundi alizijua nyumba zote kwa kuwa alitushonea wote. Alijua mabega ya kila mtu yana upana gani. Mama yangu alimpelekea kitenge kila ilipokaribia Krismasi, na wakati wa kupimwa walikuwa wakitaniana, yeye akimwambia mama amenenepa, mama akimjibu utepe wake ndio umefupika.

Siku ile ilikuwa mchana. Mama alikuwa nyuma ya nyumba anageuza mihogo aliyoianika. Mimi nilikuwa kwenye migomba pamoja na mdogo wangu wa kike, ambaye meno ya utoto yalikuwa ndiyo kwanza yanaanza kumng'oka. Niliposikia sauti za wanaume nilimlaza chini, nikamlalia juu, nikamziba mdomo. Yeye hakuona kitu. Mimi niliona. Mama alikuwa amekimbilia kujificha chooni, na wanajeshi hawakujua, walikwisha kugeuka kwenda kwa jirani. Fundi ndiye aliyerudi kumtoa. Mwanajeshi mmoja akampa panga, akicheka, kama mtu anayemjaribu mgeni kazini. Mama alimwita fundi kwa jina lake. Akamwita tena kwa jina la mtoto wake wa kwanza, kama tunavyoitana watu wa heshima. Haikusaidia.

Nimemaliza hapo. Nilimbeba mdogo wangu mgongoni, na alipozidi uzito tukatembea, tukavuka kwa njia ambazo sina haja ya kuzieleza, tukafika Nakivale, kambi ya wakimbizi hapa Uganda. Tukapewa kiwanja zoni ya Rubondo, turubai na jembe. Nilikuwa kijana bado, nimesoma mpaka darasa la tatu tu, na nilikuwa na mtoto wa kulea.

Mtoto huyo alikuwa na akili. Mwalimu wa shule ya msingi alinifuata shambani kuniambia hivyo, na siku hiyohiyo nikajua atakuwa nani. Kwetu Kongo mtu wa kuogopwa mahakamani si jaji. Ni prokirere, huyu ambaye Uganda wanamwita mwendesha mashtaka. Kwetu prokirere akitia sahihi, hata kamanda anapandishwa kwenye gari. Yeye ndiye anayekamata, yeye ndiye anayefunga. Avoka, huyo wakili wa kumtetea mshtakiwa, kwetu ni mtu wa kubeba kikoba tu, anakula kwa mwizi asubuhi na jioni anakula kwa aliyeibiwa. Basi mimi nilifikiri kila nchi iko hivyo. Nilifikiri mdogo wangu akishakuwa prokirere, atatia sahihi yake mjini Mbarara na fundi atakamatwa popote alipo, na mwalimu mkuu, na chifu. Hakuna aliyeniambia vingine. Na wote wa kwetu niliowaeleza walitikisa kichwa kukubali, maana nao walifikiri hivyohivyo.

Nilimlea kwa neno hilo. Akilalamika njaa, nilimwambia prokirere anakula ugali baridi. Akisinzia juu ya kitabu, nilimsimulia mama alivyotolewa chooni, tangu mwanzo mpaka mwisho, naye angeamka. Wenzake walimtania kwenye foleni ya maji pale kwenye bomba la kupampu. Walikuwa wakisema, "Mumupishe prokirere achote maji, atatufunga batu bote." Naye alipita mbele kweli, na dumu lake kichwani, bila kucheka. Nilipenda kumwona hivyo.

Alipofika sekondari nilimpeleka Mbarara. Kila kiangazi nilikuwa nabeba magunia kwenye ghala la mfanyabiashara mmoja Mwislamu, Hajji, mtu wa mahindi na maharage. Nikamweleza habari za mtoto, naye akampa fasi ya kulala pamoja na binti zake. Hajji alikuwa mtu wa maneno. Siku moja nilimwambia kuwa mdogo wangu anasomea kufunga wauaji, akaacha kuhesabu magunia akanitazama juu ya miwani.

"Wewe mzee nachagulia yeye kazi?" akasema kwa Kiswahili chao. "Anayefunga watu na anayefungua watu, wote nanunua suti kwa duka moja. Mimi nawauzia maharage wote wawili. Wote nalipa pole pole."

Wapakiaji walicheka. Mimi sikucheka. Niliona anaifanya kazi ya mdogo wangu kama biashara ya sokoni.

Fundi aliingia Nakivale kwenye wimbi la watu waliokuja vita vilipowaka tena huko nyumbani. Mwaka haswa siukumbuki, mdogo wangu alikuwa anakaribia kumaliza sekondari. Niliiona kwanza cherehani, imebebwa kichwani na mwanamke, halafu nikamwona yeye nyuma yake na mtoto mkononi. Amezeeka, nywele nyeupe, bega moja limeshuka. Alipita karibu nami kabisa, akanisalimu kama mtu anavyomsalimu mtu yeyote. Mpaka leo sijui kama alinijua au hapana. Walimpa kiwanja Rubondo hiyohiyo, upande wa pili wa barabara. Ndani ya wiki chache alikuwa anashona sare za wanafunzi.

Nilienda kwenye ofisi za kambi. Kijana aliyenipokea alinisikiliza vizuri, kisha akaniambia mambo hayo yalitendeka nchi nyingine, na kwamba kama naona maisha yangu yako hatarini naweza kuomba kuhamishiwa zoni nyingine. Mimi nihame. Nilienda kwa mchungaji wetu. Yeye alinishika mikono yote miwili akasema tuombe. Nikaenda Mbarara kwa mdogo wangu. Akasema, "Yaya, usimuguse. Uningoje nimalize shule." Yaya kwetu ni kaka au dada mkubwa. Hakuwahi kuniita kwa neno jingine.

Nikamngoja. Aliingia chuo kikuu kwa msaada wa watu wa nje, akasoma sheria. Kila alipokuja likizo nilimwonyesha kwa macho tu, pale, kwenye mlango ule, anashona. Naye alitazama mara moja, akaendelea kuchambua maharage.

Sasa nieleze jambo moja la makanisa yetu, maana bila hilo hakuna atakayeelewa. Kwetu mtu akiokoka akiwa mzima, kabla ya kubatizwa anasimama Jumapili mbele ya wote anatoa ushuhuda. Anataja dhambi zake. Na dhambi zikiwa ndogo, kwaya inaimba kidogo. Zikiwa kubwa, wanawake wanapiga vigelegele, mchungaji anaruka. Basi watu wanaongeza. Nimemsikia mama mmoja aliyejulikana kwa kuiba kuku akisema alikuwa mchawi wa kuruka na ungo. Nimemsikia mlevi mmoja, mpole asiyeweza kumpiga mbuzi, akisema alikuwa jambazi wa barabara kuu. Kila mtu anajua wanaongeza. Hakuna anayewauliza baada ya ibada. Ni kama sherehe, unakuja na zawadi kubwa kuliko uwezo wako.

Fundi alitoa ushuhuda wake mwaka 2013. Nilikuwa benchi la tatu. Alisema ulevi, akasema uzinzi, kwaya ikaimba. Halafu akanyoosha mikono yake. "Mikono hii ilimwaga damu," akasema. "Mama wa watu alinililia kwa jina langu, sikumusikia. Yesu amenisamehe." Vigelegele vikapasua paa. Mchungaji akamkumbatia, huyo mchungaji niliyekwisha kumweleza kila kitu miaka minne nyuma, akamkumbatia na machozi ya furaha. Mimi nilikaa. Nilitazama watu kama kuna hata mmoja aliyesikia nilichosikia. Wote walisikia wimbo.

Mwezi uliofuata mchuuzi wa maziwa kutoka Bwizibwera alikutwa amekufa vichakani, kando ya barabara ya kuingia Rubondo. Alikuwa akija huku kununua ng'ombe. Nani alimuua? Wachungaji wa ng'ombe walijua, na mimi nilisikia kwao: ni mwenzake wa biashara, aliyekuja naye asubuhi kwa pikipiki na kuondoka peke yake. Lakini mwenzake alikuwa mtu wa mjini mwenye ndugu wengi, na mpelelezi aliyekuja alikuwa na haraka ya kupata mkimbizi. Alipita nyumba kwa nyumba akiuliza nani hapa ana tabia mbaya. Akafika kwangu.

Nilimwambia aende kanisani aulize fundi cherehani alisema nini.

"Yeye nasema ameua muntu?" akaniuliza.

"Alisema."

"Wewe nasikia na masikio yako, sebo?" Sebo kwao ni bwana.

"Kwa haya masikio. Na kanisa lote."

"Ameua nani?"

Nikasema muulizeni yeye. Kila nilichomwambia kilikuwa kweli. Waliokuwa kwaya waliulizwa, wakakubali, ndiyo, alisema mikono imemwaga damu. Na fundi alikuwa amemshonea marehemu koti, walionekana wakizungumza. Ikatosha. Walimchukua akiwa na sindano bado kwenye ukosi wa shati. Jioni hiyo nilikula vizuri. Sijutii, na atakayesoma hapa akitafuta majuto, atafute kwa mwingine. Niliona Mungu ameamua kulipa deni la nyumba moja kupitia mlango wa nyumba nyingine.

Fundi alikaa rumande mpaka 2015. Mwaka huo mdogo wangu alikuwa amemaliza shule ile ya mwisho ya wanasheria, Kampala, akarudi Mbarara na viatu vya kisigino na sauti mpya. Milango miwili ilimfungukia mara moja. Kule Kamukuzi, kwenye ofisi za serikali, wakili mmoja wa serikali, mwanamke mkali aliyewahi kumfundisha kazi wakati wa mazoezi, alimwambia aje awe msaidizi wake, akae upande wa mashtaka, na habari za uraia wangezifuatilia polepole. Mlango wa pili ulikuwa wa mzee mmoja wakili, ofisi yake chumba kimoja juu ya duka la vipuri, anayepewa na serikali kesi za watu wasioweza kulipa. Huyo naye alitaka msaidizi.

Kwangu hapakuwa na la kuchagua. Nilichinja kuku kabla hajaniambia kitu.

Alikuja Rubondo Jumamosi. Alivua vile viatu akakaa kwenye kigoda, akala kuku wangu, akauliza habari za mvua. Niliona anachelewesha kitu. Nikamuuliza anaanza lini Kamukuzi.

"Siendi Kamukuzi," akasema. "Minaenda kwa mzee."

Nikamuuliza mzee gani. Akasema yule wakili wa juu ya duka. Nikamwambia amechoka, alale, tutazungumza kesho. Akatikisa kichwa kukataa.

"Yaya, unisikilize mpaka mwisho. Mzee amepewa kesi ya fundi."

Sikusikia vizuri yaliyofuata. Nakumbuka nilisimama, nikakaa. Alieleza taratibu, kama anamweleza mtoto, na kila neno lilikuwa linaniuma zaidi kwa sababu lilikuwa limepangwa. Alisema upande wa mashtaka hapa Uganda hauendi kumkamata mtu wa Kongo kwa jambo la Kongo la miaka hiyo. Alijua hivyo tangu mwaka wa kwanza wa chuo. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema alijaribu mara mbili, nikamsimulia habari za chooni.

Alisema akienda Kamukuzi, kazi ya kwanza mezani itakuwa kumsaidia yule mama wa mashtaka kusimama na kusema fundi alimuua mchuuzi wa maziwa. "Na minajua hakumuua. Na weye unajua."

"Afe kwa yoyote," nikamwambia. "Afe hata kwa kuiba yai."

"Sawa. Lakini unajua atajitetea aje? Amemwambia mzee kuwa aliongeza. Kwamba ilikuwa ushuhuda tu wa kufurahisha kanisa, kwamba maisha yake yote hajawahi kuua hata mutu moja. Na kila mukristo wa Rubondo ataapa kuwa batu banaongezaka. Atatoka, yaya. Atatoka, na mama atakuwa uongo wa kanisani."

Nikaanza kuokota mifupa ya kuku. Akaendelea. Alikuwa amekwenda kumwona fundi rumande pamoja na mzee. Mdogo wangu, niliyemziba mdomo kwenye migomba, alikaa meza moja na mtu yule. Alimwambia yeye ni nani. Akasema ilibidi askari amletee fundi maji. Na mzee wakili akamweleza fundi kwamba hadithi ya kuongeza ina matundu, jaji anaweza asiiamini, lakini ukweli una mlango: kama aliyemuua ni mwanamke, Kongo, mwaka 1996, basi ushuhuda ule hauhusiani na mchuuzi wa maziwa, na kesi nzima inaanguka. Aseme ukweli, atoke.

"Amekubali kusema," akaniambia. "Kwa mdomo wake. Mbele ya jaji. Unaelewa?"

"Naelewa kwamba umemfundisha namna ya kutoka."

"Nimemufundisha namna moja tu."

"Nilikubeba mgongoni," nikasema.

"Ulinibeba, yaya."

Nikamwambia mambo ambayo ndugu hawapaswi kuambiana. Nikamwambia asiniite yaya. Alivaa viatu vyake, akaingia jikoni, akaosha sahani aliyolia kuku, akaondoka. Nilimwona akipita mbele ya nyumba ya fundi, pale mke wake alipokuwa amekaa mlangoni na cherehani imefunikwa gunia, na yule mke akasimama, akamsalimu kwa kupiga goti. Kumbe walikuwa wamekwisha kujuana.

Mimi niliitwa mahakamani kama shahidi wa mashtaka. Nilienda Mbarara nikalala kwenye ghala la Hajji, juu ya magunia. Hajji alinikopesha koti. Aliniuliza sasa mtoto yuko upande upi, nikamwambia wa wauaji. Mara hii hakutania. Aliniwekea chai, akakaa nami kimya, na kwa mtu kama yule kukaa kimya ilikuwa kazi.

Yule mama wa Kamukuzi aliniuliza maswali yake, mkalimani akanigeuzia, nikajibu. Nilimwonyesha fundi kwa kidole. Miaka kumi na tisa nilikuwa nimejiona katika mawazo nikifanya hivyo, nimesimama fasi ya juu, nimenyoosha mkono, jaji ananitazama, watu wamekaa kimya. Yote yalikuwa kama nilivyoyawaza. Nikasema, ndiye huyo, alisema mikono yake imemwaga damu. 

Halafu akasimama mzee wakili. Kanzu yake ya kazi ilikuwa imechakaa kwenye viwiko. Mdogo wangu alikaa nyuma yake, macho mezani. Mzee aliniuliza kama ninamjua mshtakiwa tangu kanisani. Nikasema tangu nyumbani. Nyumbani wapi? Nikasema. Alikuwa anafanya kazi gani huko? Nikasema. Mdogo wangu akainuka kidogo, akamnong'oneza mzee sikioni. Mzee akageuka kwangu.

"Mwambie jaji mama yako alikufaje."

Nilimtazama mdogo wangu. Sasa alikuwa ameinua uso. Nilijua nikinyamaza fundi anabaki kwenye hatari yake, na nikisema ninamfungulia mlango. Nilijua hilo kama ninavyojua njia ya shambani kwangu. Nilikuwa na uwezo wa kusema sikumbuki. Yule mama wa mashtaka alikuwa ananitazama, ameshika kalamu, naye hakujua kinachokuja.

Lakini mtu amekuuliza mama yako alikufaje, tena mbele ya jaji. Tangu 1996 hakuna aliyewahi kuniuliza. Ofisi ya kambi niliwaeleza mwenyewe, mchungaji nilimweleza mwenyewe, kanisa niliwaeleza wakakimbilia sufuria zao. Hakuna aliyeuliza. Mdomo wangu ulifunguka. Nilisema mihogo, nikasema choo, nikasema panga na kicheko cha mwanajeshi, nikasema jina ambalo mama aliita. Mkalimani alikuwa kijana wa Mbarara, akafika mahali akakwama, jaji akamwambia aendelee. Jaji aliandika yote. Alikuwa anaandika kwa mkono, polepole, na mara mbili aliniomba ningoje amalize mstari.

Fundi alipopewa nafasi yake kizimbani hakuapa, sheria ya hapa inamruhusu mshtakiwa. Alisema maneno machache. "Ule niliyemutaja kanisani ni mama wa huyu. Ni mimi. Huyu wa maziwa simujui kufa kwake." Akakaa. Hakunitazama. Alisema kwa sauti ileile aliyokuwa akimwambia mtu aje kuchukua suruali Alhamisi.

Hukumu ilisomwa baada ya wiki. Jaji alisema mambo aliyoyasikia juu ya Kongo ni mazito na yamemhuzunisha, lakini hayako mbele yake. Alisema hivyo: hayako mbele yake. Na juu ya mchuuzi wa maziwa hakukuwa na ushahidi. Mshtakiwa aende zake.

Nje, askari walimfungua. Mke wake alikuwa amemletea shati safi. Fundi alimsogelea mdogo wangu, akainama, akamshukuru, akamwita mama wakili. Mdogo wangu aliupokea mkono wake. Niliona mkono wake ndani ya mkono ule. Halafu akaufuta kwenye sketi, mara moja, haraka, nadhani hakujua anafanya hivyo, akaja nilipokuwa.

Tulikaa kwenye ukuta mfupi karibu na lango. Alininunulia soda. Akasema sasa imeandikwa, imo kwenye karatasi za mahakama, ameungama mbele ya jaji wa nchi, hakuna atakayesema tena kwamba naongeza. Akasema siku moja Kongo ikiwa na mahakama ya kweli, karatasi hizo zitaombwa. Nikamuuliza siku gani. Akasema hajui.

Nikamwambia ile nafasi ya Kamukuzi bado angeweza kuiomba. Akasema wamekwisha kumchukua mwingine. Na hata wangekuwa hawajamchukua, akasema, alipokwenda rumande na mzee aliwaona vijana wetu wawili wa Nakivale ambao hawajui hata wameshtakiwa nini, na mmoja wao alimshika nguo. Atabaki juu ya duka la vipuri.

Kisha akaniuliza. Aliuliza taratibu, bila kunitazama, anachezea kifuniko cha soda.

"Yaya, kama ningeenda upande ule mwingine, na angefungwa kwa huyu wa maziwa. Ungelala?"

"Ningelala," nikamwambia.

Alingoja kama kuna jingine. Hapakuwa na jingine. Akainuka, akaniambia gari la mwisho la kwenda Nakivale linajaa mapema siku za soko, niwahi, na akanisindikiza mpaka stendi akiwa amenishika mkono kama mtu anayemvusha mgonjwa.

Fundi alirudi Rubondo kwa gari hilohilo. Alikaa mbele, na mimi nyuma kabisa, njia nzima nikitazama kisogo chake. Jumapili iliyofuata mchungaji alikuja kunieleza kwamba sasa ndugu yetu amekiri hadharani, kanisa linaomba tusimame pamoja madhabahuni, tushikane mikono, kwaya imekwisha kuandaa wimbo. Nilimwambia aende akamtafute avoka wangu, yule niliyembeba mgongoni, anaishi Mbarara, aulize kama mteja wake anahitaji kitu kingine kutoka kwangu.